Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima gari kwanza

Kuna taa za dashibodi unaweza kuzivumilia hata mwezi mzima, ya mlango, ya mkanda, hata ile ya njano ya cheki injini watu wanaizoea mpaka wanaisahau, ila kile kibirika chekundu chenye tone mdomoni hakina uvumilivu kabisa. Kikiwaka injini inanguruma hesabu sekunde, sio kilometa. Toa mguu kwenye mafuta, piga indiketa, kaa pembeni mahali salama, gari likisimama zima. Nasema likisimama kwa sababu ukizima likiwa kwenye mwendo usukani unakuwa mzito na breki zinaanza kuwa ngumu, na ukichomoa kabisa funguo kwenye gari za funguo usukani unaweza kujifunga, hapo umetoka kwenye tatizo la injini umeingia kwenye ajali.

Halafu usiwashe tena "kuona kama imeisha". Najua mkono unawasha, mi mwenyewe nishawahi kufanya huo ujinga, nikawasha taa ikazima nikashangilia nikaondoka, baada ya dakika kumi injini ikaanza kugonga ka-ka-ka, na hapo hata fundi hakuhitaji kufungua kitu ili ajue kilichotokea.

Sababu ya haraka yote hii ni kwamba krenkshafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, haikai juu ya beringi zake moja kwa moja, inaelea juu ya utando mwembamba sana wa oili. Kwenye resi 3000, yaani mizunguko 3000 kwa dakika, inazunguka mara 50 kwa sekunde moja, sasa huo utando ukipotea ni chuma kinasaga chuma, zile beringi ni za madini laini, zinapata moto, zinachunika, mwisho zinazunguka na krenki yenyewe au zinaikwamisha. Kemshafti nazo huko juu, zile zinazofungua valvu, ndio za mwisho kufikiwa na oili, na kama gari lina turbo basi shafti ya turbo nayo ipo kwenye foleni ya kufa.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba hiyo taa haitoi onyo mapema. Swichi nyingi za oili zinawasha taa presha ikishuka chini ya takriban bar 0.3 mpaka 0.5, yaani psi 4 hadi 7 hivi, wakati injini nzima ikiwa ya moto na resi ya chini inatakiwa iwe na kama bar 1 kwenda juu, na ukiwa barabarani kwenye resi 2000 au 3000 unakuta bar 3 mpaka 4 au zaidi. Kwa hiyo mpaka taa imewaka ukiwa unatembea, presha haijapungua kidogo, imeisha. Ndio maana wale wanaosema "inawakawaka tu kidogo kwenye foleni haina shida" wananitia hofu.

Usichanganye na taa ya njano. Gari nyingi za siku hizi zina taa ya njano ya birika, mara nyingi na kamstari ka mawimbi chini yake, hiyo inasema kiwango cha oili kimepungua, unatafuta sehemu ya kusimama unaongeza. Nyekundu ni presha. Presha na kiwango ni vitu viwili tofauti japo vinahusiana, unaweza kuwa na oili imejaa mpaka juu na presha sifuri.

Na kingine, ukiweka swichi on kabla ya kuwasha injini taa nyekundu LAZIMA iwake, halafu ukistati izime ndani ya sekunde chache. Isipowaka kabisa kwenye swichi on basi balbu imekufa, waya umechomoka, au kuna mtu kaikata makusudi. Ukienda kuangalia gari la mkononi hiki ni kitu cha kwanza kucheki, maana kuna wajanja wanaiunganisha taa ya oili na taa ya chaji ili ziwake na kuzima pamoja uone kila kitu kiko sawa. Angalia kwa makini, zikizima sekunde ile ile kila mara jiulize. (Kuna gari chache zenye skrini ambazo haziwashi hiyo taa kwenye swichi on, hizo kitabu chake kitakwambia.)

Kabla hujashika spana elewa kitu kimoja, kitakuokolea hela nyingi kuliko vingine vyote humu. Oili pampu haitengenezi presha. Pampu inasukuma oili tu, presha inatokana na ule ugumu oili inaokutana nao ikipita kwenye vinjia vidogo na kwenye nafasi finyu za beringi. Ni kama mpira wa kumwagilia bustani, ukiuacha mdomo wazi maji yanadondoka miguuni, ukiuminya na kidole yanaruka mbali, na bomba ni lile lile. Kwa hiyo presha ikipotea maswali ni haya: je pampu inapata oili ya kunyonya? Inaweza kusukuma? Au oili inasukumwa vizuri ila inatorokea mahali kwa urahisi mno? Na la nne, je taa inasema ukweli? Watu wanarukia la pili, wananunua pampu, wanafunga, taa inawaka vile vile, wanaanza kulaumu pampu feki.

Anza na stiki ya kupimia oili. Gari likae sehemu tambarare, injini izimwe dakika 5 mpaka 10 ili oili ishuke kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, chomoa stiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena ndio usome. Usisome ile ya mara ya kwanza, inakuwa imejipaka paka. Gari nyingi kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita 1, sasa kama stiki imetoka kavu ujue umepungukiwa zaidi ya hapo, na hapo uwezekano ni mkubwa kwamba tatizo ndio hilo, pampu inanyonya hewa. Dalili yake ni taa kuwaka ukikata kona au ukipiga breki, oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, chujio la bomba la kunyonyea linabaki juu juu. Ongeza oili ya namba inayotakiwa kidogo kidogo, robo lita robo lita huku ukipima. Ikifika kiwango washa, taa ikizima ndani ya sekunde chache na hamna mlio wa ajabu umepona kwa leo, ila bado hujajua oili imeenda wapi. Angalia chini ya gari, kwenye filta, kwenye nati ya kumwagia, kwenye sili za krenki mbele na nyuma, kava ya valvu, na ule moshi wa bluu kwenye ekzosi asubuhi. Injini inayokula oili haidondoshi hata tone chini, inachoma yote.

Usijaze kupita alama ya juu kwa kudhani unaisaidia. Ikizidi sana krenki inaipiga inatoa povu, na pampu ikinyonya povu presha inayumba vile vile kama haipo.

Ukiwa umeshika hiyo stiki inuse na uisugue kati ya vidole. Hapa watu wanapita haraka na ndipo majibu mengi yalipo. Ikinuka petroli na ni nyepesi kama maji maana yake mafuta yanaingia kwenye oili, labda injekta inavuja, labda gari linatembea safari fupi fupi tu halipati moto wa kutosha. Kwenye dizeli zenye chujio la masizi kwenye ekzosi hii inatokea sana, gari likiwa linajaribu kusafisha lile chujio linaongeza dizeli, safari ikikatizwa dizeli inashukia kwenye sampu, unakuta kiwango cha oili kinapanda chenyewe. Oili inayopanda yenyewe sio baraka. Ikiwa imegeuka rangi ya maziwa basi maji ya rejeta yameingia, mara nyingi gasketi ya silinda hedi au kipoza oili, na hilo halina kuendelea kutembea. Ila kama ni ukungu kidogo tu mweupe chini ya mfuniko wa kujazia na kwenye stiki iko safi, huo unaweza kuwa unyevu wa kawaida wa safari fupi, usianze kufungua hedi kwa ajili hiyo. Ukiona vumbi linalong'aa kama rangi ya dhahabu au shaba kwenye oili kaa chini kwanza, hizo ni beringi zinakuaga.

Kumbuka pia lini umebadilisha oili na uliweka namba gani. Injini iliyotengenezewa 5W-40 ukaiwekea 0W-20 ikipata moto inaweza kukuwashia taa bila ubovu wowote. Ile namba ya mwisho ndio uzito ikiwa ya moto, ya mwanzo yenye W ni tabia yake ikiwa baridi. Kama taa imeanza baada tu ya sevisi, rudi kwenye sevisi. Hii sio kanuni ya gari tu.

Na hapo kwenye sevisi ndio filta inapoingia. Filta ya bei ya kutupa inaweza kuwa na karatasi inayobomoka ndani na kuziba njia, au haina ile valvu ya mpira inayozuia oili kurudi chini gari likilala, matokeo yake kila asubuhi taa inachelewa kuzima na juu kunasikika kelele za tapeti (vile vidude vya kusukuma valvu) sekunde kadhaa. Gari nyingine zina filta ya karatasi ndani ya kava la plastiki, pale kuna oringi zaidi ya moja, ukisahau ile ndogo ya katikati oili inazunguka inarudi kwenye sampu badala ya kupanda juu. Alafu kuna lile kosa la kizamani, gasketi ya filta ya zamani inabaki imeganda kwenye bloku, unafunga mpya juu yake, zinakuwa mbili. Nilifanya hivyo mwenyewe. Gari iliwaka vizuri, ikasimama vizuri, nilipokanyaga mafuta gasketi ikaponyoka na oili yote ikamwagika barabarani kwa muda mfupi kuliko unaosoma hii sentensi. Tangu siku hiyo kila nikitoa filta naigeuza naangalia kama gasketi imetoka nayo.

Sasa kama oili ipo, ni safi, ni namba yake, filta iko sawa, na gari halitoi mlio wowote mbaya, unaweza kuanza kumshuku mwongo. Swichi ya oili iko mara nyingi karibu na filta au kwenye bloku au pembeni ya hedi, ni kidude kidogo chenye waya mmoja, zile za kisasa zenye kupima kabisa zina waya tatu. Chomoa plagi yake uiangalie, ukikuta imelowa oili ndani swichi imevuja kwa ndani yake, imeshakufa, badilisha tu. Kwenye gari za mfumo wa zamani wa waya mmoja kuna kipimo rahisi: swichi on, injini imezimwa, taa imewaka, chomoa ule waya. Taa ikizima, waya uko salama, inabaki ama swichi ama presha yenyewe. Ikibaki inawaka na waya umechomolewa basi ule waya umechubuka mahali unagusa bodi, fuatilia hasa sehemu unapopita karibu na ekzosi na kwenye kona za chuma. Kipimo hiki hakifanyi kazi kwa gari zote, zingine swichi yake inafanya kinyume, na kuna Volkswagen za zamani zina swichi mbili, moja ya bar 0.3 na nyingine ya bar 1.8 ambayo inahesabiwa injini ikipita resi 2000 na inapiga king'ora, mtu asiyejua anabadilisha ile isiyohusika.

Gari yenye kompyuta chomeka mashine ya kupimia usome kodi za hitilafu. P0520 inahusu mkondo wa sensa, P0521 sensa inasoma visivyoeleweka, P0522 volti ya chini, P0523 volti ya juu, na P0524 ndio inasema presha ya oili iko chini kweli. Zile nne za kwanza zinakuelekeza zaidi kwenye sensa na waya, japo usiape. Pampu za kisasa zinazobadilisha nguvu kwa kuamriwa na kompyuta zina solenoidi yake (valvu ya umeme), nayo ikikwama au waya wake ukikatika presha inakuwa sio inayotakiwa, na hiyo huioni kwa macho.

Kubadilisha swichi ni kazi ya nusu saa, kuna soketi yake ndefu ila hata spana ya kawaida inaingia kwenye nyingi. Angalizo ni nyuzi, ile mistari ya kufungia kwenye swichi. Gari nyingi za Japani zinatumia 1/8 BSPT, za Ujerumani nyingi M10x1, za Marekani 1/8 NPT, na ile BSPT na NPT zinafanana mpaka zinaingia mizunguko miwili mitatu halafu zinagoma, moja ina nyuzi 28 kwa inchi nyingine 27, ukilazimisha na bloku ni aluminiamu umeharibu tundu. Usikaze kwa hasira, na usijaze teipu ya nyuzi kwenye swichi ya waya mmoja maana inapata asi, yaani hasi ya umeme, kupitia huo mwili wake.

Hapa ndio naomba unisikilize kwa sababu ndio sehemu watu wanairuka: geji. Kabla hujafungua sampu, kabla hujanunua pampu, kabla hujakubali neno "oveholi" kutoka mdomoni mwa mtu yeyote, pima presha kwa geji ya mkono. Ni kifaa cha kawaida kabisa, mpira mrefu, saa yenye mshale, na adapta za nyuzi mbalimbali. Unatoa swichi, unafunga adapta mahali pake, unapitisha mpira mbali na feni na mikanda na ekzosi, unawasha. Kama injini ilikuwa inagonga usiiwashe hata kwa kupima, jibu umeshapata.

Soma ikiwa baridi kwenye resi ya chini, andika. Iache ipate moto mpaka feni ya rejeta iwake, hapo ndio joto la kazi, soma tena resi ya chini, kisha 2000, kisha 3000. Linganisha na kitabu cha gari lako, kila injini ina namba zake. Kama huna kitabu, ile kanuni ya mtaani ya psi 10 kwa kila resi 1000 inakupa picha ya haraka kwa injini za kawaida, bar 1 ni psi 14.5, ila usiichukulie kama sheria, kuna injini za kisasa zinatembea na presha ndogo kwa makusudi ili zitumie mafuta kidogo.

Mshale unaongea. Namba nzuri baridi na moto, taa bado inawaka: swichi au waya, funga kesi ulale. Baridi nzuri sana, moto resi ya chini inaanguka karibu na sifuri lakini ukikanyaga inapanda: oili imekuwa nyepesi au nafasi za beringi zimechoka, oili ya moto inatoroka pembeni. Chini baridi na moto na hata ukipiga resi haipandi: pampu, valvu ya presha, au mpira wa bomba la kunyonyea. Mshale unatetemeka tetemeka: hewa inaingia upande wa kunyonya. Na hii ya mwisho naipenda kwa sababu inadanganya wengi, presha nzuri ukiwasha, unaendesha mwendo mkubwa kidogo inashuka taa inawaka, unazima unasubiri robo saa, unawasha presha imerudi. Hilo ni chujio la sampu limeziba, uchafu unanyonywa unajibandika, ukizima unadondoka, ukiwasha safari inaanza upya. Mtu anabadilisha sensa tatu kwenye ugonjwa huu.

Chujio hilo ni kawavu kadogo chini ya bomba la kunyonyea, ndani kabisa ya sampu. Linazibwa na tope la oili iliyokaa bila kubadilishwa, na silikoni. Ndiyo, silikoni ya gasketi. Mtu anafunga sampu anapaka silikoni nene, ikibanwa inajitokeza ndani, vipande vinakatika vinaenda moja kwa moja kwenye wavu. Mstari wa milimita 2 mpaka 3 unatosha, ukizunguka matundu ya bolti kwa ndani, na uache ikauke muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kujaza oili. Siku hizi kuna na mgonjwa mpya, injini zenye mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili, PureTech ya lita 1.2 ya Peugeot na Citroën ndio maarufu kwa hilo, mkanda ukianza kuchakaa unamwaga vipande vya mpira na vyote vinaishia kwenye chujio. Kwa hizo ukifungua sampu ukakuta nyuzi nyuzi nyeusi, kusafisha chujio peke yake ni kujidanganya, mkanda unatoka.

Kufungua sampu: mwaga oili ikiwa ya uvuguvugu sio ya moto wa kuunguza, nyanyua gari juu ya stendi za uhakika, jeki peke yake haihesabiki kama kitu cha kulala chini yake. Gari nyingine unatakiwa ushushe kirosi memba (fremu ya chuma chini ya injini) au bomba la ekzosi, hapo ndipo unaamua kama ni kazi yako au ya fundi. Kabla hata ya kufungua ichungulie sampu kwa nje, kama imebonyea kwa kupigwa na jiwe ule ubonyeo unaweza kuwa umelisogelea chujio mpaka halina pa kunyonyea, na hiyo kesi nimeiona ikihukumiwa kuwa pampu. Ukishaifungua toa bomba la kunyonyea, lioshe na petroli au dizeli, piga upepo kutoka ndani kwenda nje, angalia mwanga upite kote. Badilisha oringi au gasketi ya hilo bomba hata kama inaonekana nzima, ikikauka inakuwa ngumu kama plastiki inapitisha hewa, na hewa ndio ule mshale unaotetemeka. Futa sampu yote, na pitisha sumaku kwenye lile tope. Unga laini wa kijivu kidogo ni uzee, vipande vinavyoshikika kwa kucha ni habari mbaya, na vile vya beringi havishiki sumaku kwa hiyo tumia macho pia.

Kama chujio ni safi unaingia kwenye valvu ya presha, ni kapistoni na springi ndani ya pampu au kwenye bloku, kazi yake kuachia oili presha ikizidi. Uchafu ukiikwamisha ikiwa wazi oili yote inarudi sampu. Mara nyingi unaitoa, unaiosha, unahakikisha inateleza yenyewe kwa uzito wake, unairudisha. Kazi rahisi ikiwa inafikika. Pampu yenyewe unaifungua unaangalia mikwaruzo kwenye gia na mwili, unapima nafasi kwa fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia), vipimo viko kwenye kitabu cha injini. Mimi nikikuta mikwaruzo inayoshika kucha sipimi tena, nanunua. Angalia pia kinachoizungusha, kwenye nyingi ni krenki moja kwa moja au cheni, na cheni ikilegea sana au nati yake ikifunguka pampu inasimama huku wewe unaendesha.

Beringi ndio mwisho wa barabara. Sampu ikiwa chini unaweza kutoa kava moja la konrodi (ule mkono unaounganisha pistoni na krenki), lile la mbali na pampu ndio huumia mapema kwa injini nyingi, ukaangalia. Ikiwa ni kijivu laini bila mistari nzuri. Ikiwa imechubuka imeonyesha rangi ya shaba, presha yako ndiko ilikokuwa inatorokea. Nafasi ya beringi kwenye injini nyingi ni sehemu chache za mia za milimita, kama 0.03 hadi 0.06 hivi, ndio maana uchakavu usioonekana kwa macho unatosha kuua presha. Krenki ikiwa haina mikwaruzo wakati mwingine beringi mpya zinatosha, ikiwa imechimbika inaenda kuchongwa, na hapo hesabu inabadilika kabisa, linganisha na injini ya mkononi kabla hujakubali.

Kuhusu zile dawa za kumimina zinazoongeza uzito wa oili, na ule ushauri wa kuweka 20W-50 ili taa izime. Taa itazima, kweli. Injini iliyochoka ya zamani kupandisha namba moja juu kunaweza kukupa muda wa kujipanga, sikatai. Ila injini ya kisasa yenye vinjia vyembamba na taimingi inayojirekebisha kwa oili ukiiwekea zito hivyo, asubuhi ikiwa baridi oili inachelewa kufika juu, yaani umezima taa na kuongeza uchakavu kwa mkupuo mmoja. Dawa za kusafisha injini kwa ndani nazo kwenye injini yenye tope jingi naziogopa zaidi, zinalilegeza tope lote kwa mara moja na pa kwenda ni mahali pamoja tu, kwenye chujio.

Ukimaliza kufunga, usistati moja kwa moja. Pampu mpya au iliyofunguliwa ni kavu, haina cha kuvutia, kwa hiyo wakati wa kuifunga ijaze oili safi ndani, filta nayo ijaze kama inakaa wima. Kisha toa fyuzi ya pampu ya mafuta, piga stata sekunde kama 10, pumzisha stata nusu dakika, piga tena, mpaka taa izime au geji ionyeshe presha. Ndio urudishe fyuzi uwashe. Usipige resi. Kelele za tapeti sekunde chache zinakubalika, zikipita hapo zima utafute. Iache ipate moto na geji ikiwa bado imefungwa, andika namba zile zile za resi ya chini na 2000 na 3000 pembeni ya zile za mwanzo, halafu ndio utoe geji urudishe swichi. Zima, subiri dakika 10, chungulia chini ya filta na mstari wa sampu kama kuna unyevu, kisha chomoa stiki, maana filta na vinjia vimeshakunywa sehemu ya ile oili na karibu kila mara kuna ya kuongeza kidogo.